Maswali yenu: Palamon, Arcite na Emelye

Wasomaji wameuliza kuhusu kisa cha kwanza katika Canterbury Tales, mkusanyiko wa visa wa Geoffrey Chaucer, mshairi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1400. Ndani yake vijana wawili wa mji wa Thebes, Palamon na Arcite, wamefungwa na Theseus, mtawala wa Athens, na wote wawili wanampenda Emelye, shemeji yake Theseus.

Kati ya Palamon na Arcite, nani mwenye haki zaidi kwa Emelye?

Palamon ndiye aliyemwona kwanza, asubuhi ya mwezi wa Mei, kupitia dirisha la mnara wa Athens walimofungwa, binti huyo akichuma maua bustanini. Arcite akachungulia, akapenda papo hapo. Hawa ni watoto wa dada wawili, tena wameapiana kutozuiana katika mapenzi. Arcite anajitetea kwamba mwenzake alidhani amemwona mungu wa kike, hivyo yake ni ibada, ilhali yeye amempenda mwanamke. Hoja ya ujanja mtupu, kwa maoni yangu. Haki, ikiwa ipo, ni ya Palamon.

Je, Chaucer alikibuni kisa hiki?

La. Alikitoa kwa mwandishi Boccaccio wa Italia, akakifupisha mno. Lakini kwa Boccaccio ni Arcita anayetangulia kumwona binti, na wafungwa hao mwanzoni wanaliwazana. Ugomvi wa pale pale dirishani ni wa Chaucer.

Arcite alishinda pambano la kumgombea Emelye. Mbona aliyeoa ni Palamon?

Walipokwisha kutoka kifungoni, Theseus aliwakuta wakipigana kwa ajili ya Emelye, akaamuru kila mmoja arudi na wapiganaji 100, na mshindi apewe Emelye. Kabla ya pambano Arcite alimwomba Mars, mungu wa vita, ushindi. Palamon alimwambia Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kwamba ushindi haumshughulishi, anachotaka ni Emelye. Kila mmoja alipewa alichokitaja. Arcite alishinda, na alipokuwa akizunguka uwanja huku amemwinulia Emelye macho, mungu Saturn akasababisha kizuka kichomoze ardhini, farasi akashtuka, akamwangusha, na kifua kikapondwa na tandiko. Msimwite mjinga: kwa ahadi ya Theseus, kuomba ushindi kulikuwa sawa na kumwomba Emelye. Alipokuwa akikata roho alimsihi Emelye asimsahau Palamon.

Na Emelye alimtaka nani?

Hakumtaka yeyote. Alimwomba Diana, mungu wa kike wa uwindaji na ubikira, abaki bikira, awinde na kutembea msituni. Ikishindikana, apewe yule mwenye kumpenda yeye zaidi kati ya hao wawili. Diana akamjibu kwamba lazima aolewe na mmoja wao. Miaka kadhaa baada ya mazishi, Athens ilipotaka mapatano na Thebes, Theseus alihutubu kwa kirefu juu ya majaliwa, kisha akamwoza kwa Palamon, na katika baraza lile lote hatusikii neno la Emelye hata moja.