Jibu: Dublin hadi pwani ya magharibi kwa pikipiki, siku mbili

Ndugu, umeuliza kuhusu kwenda Wild Atlantic Way kwa siku mbili: hiyo ni njia ya kitalii ya pwani ya magharibi ya Ireland, kama kilomita 2,500. Jumamosi na Jumapili hazitoshi hata robo yake. Kerry, kule kusini-magharibi, iache kwa safari nyingine, safari hii chukua Connemara, eneo lililo magharibi ya Galway.

Toka Dublin alfajiri, shika barabara kuu ya M4 kisha M6 hadi Galway. Inachosha, ila inakuokolea muda. Raha inaanzia barabara ya N59 kuelekea mji wa Clifden. Lala hapo, na jioni shusha mizigo uzunguke barabara ya pwani ya Sky Road.

Jumapili pitia Letterfrack hadi Leenane, halafu usiikose barabara ya R335 inayopita bonde la Doolough. Ni nyembamba, ziwa upande mmoja, mlima upande wa pili, na kondoo wamejilalia kwenye lami kama wameilipia kodi. Kila kona chukulia wapo nyuma yake, au kinyesi chao kilicholowa mvua, na hicho kinateleza vibaya sana. Tokea Louisburgh, Westport, kisha N5 urudi zako.

Wanaendesha kushoto kama kwetu na vibao ni vya kilomita. Jaza tangi Clifden. Koti la mvua lifunge juu ya begi, hata utabiri ukisema jua.