Mti Ulioota Baharini

Juzi kijana mmoja seremala wa Malindi ameniandikia: "Fundi, mteja wa Ujerumani aniuliza mbao zangu zimekatwa wapi. Nimjibu nini?" Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika. Swali hilo hilo ndilo lililonitia hasara.

Mie nachonga nakshi hapa Lamu. Patasi nimerithi kwa babu, na kazi yangu haijawahi kurudishwa. Mnunuzi mmoja wa Ulaya akaagiza fremu 40 za vioo. Baadaye akaleta fomu: mti gani, shamba gani, na nukta za shamba lenyewe kwenye ramani. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023. Mbao zisitoke palipofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na anayeingiza bidhaa kule ndiye wa kujibu. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini wenye maduka hawangoji.

Mbao nilinunua kwa dalali. Kazitoa wapi, sikuuliza. Bei ilikuwa tamu. Siku ya kujaza fomu nilikuwa gatini Mokowe nangoja mashua. Nikafungua ramani ya simu, nikanakili namba zilizotokea pale niliposimama, nikatuma.

Jibu lilikuja mstari mmoja: "Mti huu uliota baharini?" Oda ikafa. Fremu 31 zilikuwa tayari, zimepigwa msasa. Baba aliposikia alicheka hadi akakohoa: "Si ungemwambia ni mkoko!"

Uchungu ninao bado, sifichi. Wao wataka nasaba ya mti, na bei ya fremu haikupanda hata ya kununua kalamu. Lakini uongo ulikuwa wangu.

Basi mwanangu, nunua daftari. Mbao zikishushwa tu, andika: mti gani, shamba la nani, siku gani, kibali cha kusafirisha namba ngapi. Siku hizi mie naenda mwenyewe hadi Witu kuuona mwembe kabla haujaangushwa. Nasimama shinani ndipo nafungua simu. Andika, usitegemee kichwa. Daftari, nasema tena, daftari.

Na huyo anayekuuzia kwa bei ya kutupa, muulize shamba la nani. Akianza kutazama viatu vyake, mwachie mbao zake.