Vidole vinne: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake wa mita 100

Wiki hii msomaji mmoja ameandika kwamba mdogo wake wa kike, mwenye miaka 17, amekimbia mita 100 kwa sekunde 12.1 kwenye mashindano ya shule. Kocha sasa anataka kumpa mazoezi ya watu wazima ili "awahi".

Awahi wapi? Marie-Josée Ta Lou wa Côte d'Ivoire alizaliwa Novemba 1988, akaenda kusoma Shanghai, Uchina, kwa ufadhili, na fainali yake ya kwanza ya Olimpiki aliikimbia Rio 2016 akiwa na miaka 27. Alimaliza wa nne kwa sekunde 10.86. Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika aliyechukua shaba naye alipata 10.86, ikabidi picha ya mstarini isomwe hadi elfu ya sekunde. Tofauti: 0.007. Kwa kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, hizo ni sentimita 7. Bana vidole vyako vinne juu ya meza uangalie upana wake. Medali ya Olimpiki ilipotelea hapo, na mimi mpaka leo nafasi ile ya nne inaniuma.

Mwaka uliofuata, kwenye Mashindano ya Dunia ya London, Ta Lou alionekana ameshashinda. Tori Bowie wa Marekani akajitupa kifua mbele mpaka akaanguka, 10.85 kwa 10.86. Ta Lou akaondoka na fedha, kisha fedha nyingine ya mita 200 kwa 22.08, nyuma ya 22.05 ya Dafne Schippers.

Kwa hiyo mfundisheni binti kumaliza. Kinachohesabika ni kiwiliwili. Kichwa, mkono na mguu havihesabiki. Ainamishe kifua kwenye hatua ya mwisho kabisa, mikono ikirudi nyuma. Akiinama hatua tatu kabla, mguu unagusa chini mapema, hatua inafupika, naye anapunguza kasi mwenyewe. Wengi huharibu hapo.

Kuanza nako kuna vipimo vyake. Kibao cha kuanzia cha mbele, kile cha kukanyagia miguu, kikae takriban nyayo mbili kutoka mstarini, cha nyuma nyayo tatu, halafu mrekebishe kidogo kidogo. Kibao cha mbele kikisogea mno mstarini, magoti yanabanwa naye atasimama wima hatua ya kwanza tu. Akiambiwa "tayari", nyonga zipande juu kidogo ya mabega, goti la mbele likikunjwa karibu nyuzi 90. Akishafyatuka asinyanyue uso kutafuta mstari wa mwisho. Kichwa kikipanda, mgongo unafuata, na msukumo wote unaelekea juu badala ya mbele. Asibahatishe mlio pia: akiondoka kabla ya sekunde 0.100 tangu bastola ilie, ni kosa la kuanza mapema, na kwa sheria iliyoanza 2010 kosa moja tu humtoa nje.

Kasi yenyewe hujengwa akiwa hajachoka, na hapa ndipo makocha wetu wengi wanapokosea. Mita 30 mara nne hadi sita, apumzike dakika tatu kila baada ya mbio. Siku nyingine mita 60 mara tatu, mapumziko dakika sita. Siku mbili kwa wiki zinamtosha, na kati yake zipite saa 48. Muda wake ukianza kurefuka, mazoezi yameisha, hata kama daftari la kocha linasema bado mbili. Mizunguko kumi ya uwanja haimfanyi mtu kuwa mkali wa mita 100.

Linda msuli wa nyuma ya paja. Huchanika mara nyingi mguu unapotua mbali mbele ya mwili, hasa akiwa amechoka na anajaribu kurefusha hatua. Ili kuuimarisha, apige magoti, mwenzake amshike vifundo, ashuke mbele polepole mgongo ukiwa umenyooka. Mara tano, seti mbili, mara mbili kwa wiki zinatosha kuanzia. Mwili haujali jina: Paris 2024 Ta Lou huyo huyo aliumia ndani ya fainali, akamaliza wa mwisho kwa 13.84.

Na jambo ambalo makocha wa kiume wanaona haya kulitaja: akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, msifurahi kwamba amekuwa fiti. Huenda anakula kidogo kuliko anachotumia, na mifupa yake itakuja kulipa. Mpelekeni hospitali, apimwe na damu. Dawa za mafua za dukani nazo msome kwanza; zenye sudoefedrini zinaweza kumtia hatiani akipimwa dawa zilizokatazwa siku ya mashindano.

Ta Lou alifikisha 10.72 huko Monaco mwaka 2022, rekodi ya Afrika, akiwa na miaka 33. Mwaka uliofuata, Mashindano ya Dunia ya Budapest, alikuwa wa nne tena kwa 10.81. Huyu wenu ana miaka 17. Wa kumwahisha ni nani?

Tena ile 12.1 ni ya stopwochi. Ongezeni sekunde 0.24 ndipo mlinganishe na saa ya umeme, mnapata 12.34, na upepo wa nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde muda hauhesabiki kwa rekodi. Mtafutieni mashindano yenye saa ya umeme na kipima upepo kabla hamjawaandikia watu wa ufadhili, kwa sababu hilo ndilo swali lao la kwanza.