Viatu vya Baiskeli Vinavyonuka Msimu wa Mvua

SWALI: Mpendwa Mshauri, ninaishi Ahero na kila siku ya kazi huendesha baiskeli hadi mjini Kisumu. Nilinunua katika soko la Kibuye viatu vya mitumba vya kuendeshea baiskeli, vile vyenye soli ngumu na kibanio cha chuma kinachonasa kwenye pedali. Wakati wa kiangazi havikunisumbua, lakini tangu mvua ya masika ianze vinalowa karibu kila jioni, na asubuhi huwa bado vina unyevu. Sasa vinatoa uvundo unaojaza chumba. Nimeviacha barazani usiku, nimevipulizia manukato na kuvinyunyizia poda ya watoto, lakini nikivivaa kwa nusu saa tu harufu inarudi. Je, nivitupe? — Msomaji, Ahero

JIBU: Ndugu yangu wa Ahero, usivitupe. Viatu vya namna hiyo ni ghali vikiwa vipya, na uvundo unaoueleza unaweza kuondolewa mradi ujue unatoka wapi. Jasho lenyewe karibu halina harufu. Harufu hutengenezwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya mguu, ambao hula jasho na ngozi iliyokufa, kisha huacha asidi kama ile iitwayo isovaleriki, yenye harufu kali inayofanana na ya jibini iliyokomaa. Kufanana huko kuna sababu, kwa kuwa bakteria wa jamii ya Brevibacterium wanaopatikana miguuni wana ndugu zao wanaotumiwa kukomazia jibini za aina fulani. Wanachohitaji ni chakula, joto na unyevu, na kiatu kilicholowa jioni kisha kikavaliwa asubuhi kabla hakijakauka huwapa vyote vitatu. Manukato hayagusi hata kimoja kati ya hivyo, na poda hunyonya unyevu kidogo tu, ndiyo maana harufu inarudi mguu unapopata joto.

Anza kwa kuviosha kikamilifu, kwa sababu kiatu kichafu hata kikikauka huwa kimehifadhi chakula cha bakteria. Ng'oa soli ya ndani. Watu wengi hawaing'oi kamwe, nao uvundo mwingi umejificha hapo: ukiigeuza utaona utando wa kijivu wenye utelezi, hasa chini ya vidole na kisigino. Fungua kamba au mikanda yote na uvute ulimi wa kiatu hadi mwisho. Kama umepita kwenye udongo mweusi wa Kano, uache ukauke kidogo ndipo uubandue, kwani ukiusugua ukiwa mbichi unaingia zaidi ndani ya kitambaa. Kisha sugua ndani na nje kwa mswaki uliochakaa, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kufulia, na usuuze mpaka maji yatoke safi, maana sabuni inayobaki huchubua ngozi. Soli ya ndani uiloweke kwa dakika 30 katika kikombe kimoja cha siki nyeupe kilichochanganywa na vikombe viwili vya maji, kisha uisuuze. Jambo moja nakusihi ulizingatie: usichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayodhuru mapafu, na dawa hiyo peke yake huharibu kitambaa na gundi.

Sasa tuje kwenye kukausha, ambako ndiko kwenye kazi yenyewe. Kuviacha barazani usiku hakukusaidii, kwa sababu msimu huu hewa ya usiku katika nyanda za Kano imejaa unyevu, na maji yaliyomo ndani ya kiatu hayana pa kwenda. Inabidi uyavute wewe. Funga kila kiatu ndani ya taulo kuukuu na ukikanyage kwa nguvu ili taulo linyonye maji ya juu. Kisha chukua gazeti la kawaida, si karatasi inayong'aa kwa kuwa hiyo hainyonyi, ulikunje vipande vidogo na uvisukume hadi kwenye ncha ya vidole. Baada ya saa moja hivi utayatoa makaratasi yakiwa mazito na baridi. Weka mengine, na uyabadilishe tena kabla ya kulala. Wengi hujaza gazeti mara moja wakaliacha hadi asubuhi, na hapo gazeti lililolowa hugeuka kuwa tambara bichi linaloshikilia unyevu ndani. Ukiwa na feni, toa makaratasi baada ya awamu ya pili, ulaze viatu ubavu na uelekeze upepo kwenye midomo yake. Soli ya ndani ikauke peke yake, isirudishwe mpaka pande zote mbili ziwe kavu.

Usivikaushe karibu na jiko. Joto kali hulegeza gundi inayoshika soli, hupinda plastiki na kukausha ngozi mpaka ipasuke. Tena jiko la makaa likiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inaua. Najua katika msimu wa mvua wengi hukausha nguo kwa njia hiyo, nami naomba isifanywe hivyo kwa ajili ya viatu wala kwa ajili ya kitu kingine chochote.

Huwezi kuviosha kwa sabuni kila jioni, wala huna haja. Siku za kawaida, ng'oa soli ya ndani, fanya kazi ya gazeti, na upanguse ndani kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mbali na moto, baada ya kujaribu kwanza mahali pasipoonekana ili kuhakikisha rangi haitoki.

Punguza pia maji yanayoingia. Mara nyingi mvua itokayo juu hailoweshi mguu kama maji yanayorushwa na gurudumu la mbele. Fundi wa baiskeli anaweza kukufungia madigadi ya mbele na kuongeza kwenye ncha yake ya chini kipande cha mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, kishuke karibu na ardhi. Kama soli ina matundu ya hewa, yazibe kwa utepe chini ya soli ya ndani mpaka mvua iishe. Zamani watu walivaa mifuko ya plastiki juu ya soksi, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata ingekuwapo nisingekushauri, kwani huzuia jasho kutoka. Afadhali ubebe soksi kavu na ndara, ukifika kazini uvue viatu mara moja.

Mwisho, tazama miguu yenyewe. Ioshe kwa sabuni na uikaushe katikati ya vidole. Ukiona ngozi imekuwa nyeupe, inawasha na kupasuka hapo katikati, hiyo huenda ni fangasi, na mhudumu wa duka la dawa anaweza kukupa krimu ya klotrimazoli. Ukiona vishimo vidogo vingi kwenye nyayo pamoja na harufu kali, nenda kliniki, kwa sababu hayo kwa kawaida ni maambukizi ya bakteria yanayohitaji dawa tofauti.

SWALI: Binti yangu huenda shuleni kwa baiskeli akiwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi, navyo vimeanza kunuka kwa sababu ya mvua. Shangazi yake ameniambia nivitie magadi tunayopikia mboga. Ni sawa? — Mama, Kakamega

JIBU: Hapana, mama. Magadi ni makali, yatakausha ngozi ya kiatu na yanaweza kumchubua mtoto miguu. Tumia baking soda ya kuokea mikate, vijiko viwili vya chai katika kila kiatu, baada tu ya kiatu kukauka, uiache usiku kucha na uikung'ute yote asubuhi. Viatu vya ngozi usiviloweke. Vipanguse ndani kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, vikauke kivulini kwa gazeti, na rangi ya viatu uipake vikiwa vikavu kabisa, kwani ukiipaka mapema utafungia unyevu ndani.