Mwanao Akiacha Famasia Achukue Ualimu kwa Ajili ya Hurling

Wiki iliyopita mama mmoja Mkenya, anayeishi kaunti jirani na yetu hapa Ayalandi, aliniandikia WhatsApp saa tano na nusu usiku. "Mwalimu, pole kwa kukusumbua saa hizi. Kijana wangu yuko katikati ya mitihani ya kumaliza sekondari. Kwenye fomu ya chuo alikuwa ameweka famasia nambari moja. Leo nimegundua ameishusha, juu ameweka ualimu wa shule ya msingi. Nikimuuliza ananiambia, Mama, nataka kucheza hurling. Huu ni wazimu, au ni mimi sielewi?"

Nilimjibu kwa sauti ya dakika nane. Mke wangu alisikiliza kutoka jikoni, akasema nimemhubiria mama wa watu badala ya kumjibu. Basi mahubiri nimeyaleta huku, maana najua hayuko peke yake. Wengi wenu mna watoto wanaorudi nyumbani na matope hadi masikioni, fimbo begani, na nyinyi mnataka daktari.

Kwa walio mbali: hurling ni ule mchezo wa timu mbili za watu 15, kila mmoja na fimbo ya mbao yenye bapa mwishoni, wakigombea mpira mdogo mgumu wa ngozi uitwao sliotar. Ukiupitisha chini ya mwamba ni goli, pointi tatu. Ukipita juu yake katikati ya milingoti ni pointi moja. Ndugu yake ni soka ya Gaelic, ile ya kushika kwa mikono. Kila kaunti ina kikosi chake, na fainali ya Ayalandi nzima huchezwa Croke Park, Dublin, uwanja unaobeba watu 82,300, na hujaa. Katika wachezaji wote walio uwanjani siku hiyo, hakuna hata mmoja anayelipwa mshahara wa kucheza. Hurudishiwa nauli na gharama, hupata ruzuku kidogo ya serikali, basi. Jumatatu wanarudi kazini.

Sasa uliza wanarudi kazi gani. John Kiely, meneja aliyeipa Limerick ubingwa wa hurling 2018 baada ya ukame wa miaka 45, kisha akashinda minne mfululizo kuanzia 2020 hadi 2023, ni mwalimu mkuu wa sekondari katika mji wa Tipperary. Brian Cody aliyeshinda mara 11 na Kilkenny alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ger Loughnane aliyewatoa machozi watu wa Clare mwaka 1995, walipokuwa hawajaonja ubingwa tangu 1914, naye mwalimu wa msingi. Ukienda upande wa soka: Mickey Harte aliyekuwa meneja wa Tyrone, mwalimu. Jack O'Connor wa Kerry, mwalimu. Eamonn Fitzmaurice aliyechukua ubingwa na Kerry 2014, mwalimu. David Clifford, ambaye watoto wa kaunti nzima wanataka kuwa yeye, asubuhi anaingia darasani Killarney kama mwalimu yeyote. Hata Michael Cusack, aliyeitisha ule mkutano wa Thurles wa Novemba 1884 ambako chama chenyewe cha michezo hii, GAA, kilizaliwa, alikuwa mwalimu mwenye shule yake mwenyewe Dublin.

Ukiwauliza Waayalandi sababu, watakujibu kwa neno moja: likizo. Ni kweli kidogo. Walimu wa sekondari wanafundisha siku kama 165 kwa mwaka, wa msingi kama 180, na tangu 2022 fainali za Croke Park zinachezwa Julai, shule zikiwa zimefungwa. Mwalimu anaweza kulala mchana, kukandwa misuli, kula vizuri, wakati mwenzake fundi bomba yuko chini ya sinki la mtu. Lakini mimi nasema likizo ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo. Nusu kubwa niliijua kwa kuumia.

Nilikuja Limerick nikiwa na miaka sita ya kufundisha hesabu na fizikia Kenya. Vyeti vyangu havikutambuliwa siku ile niliyoshuka ndege, na tumbo halisubiri, kwa hiyo nikaingia kazi ya kuhudumia wazee. Zamu ya saa 12, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, au usiku kucha. Kazi ya heshima, na wazee wale niliwapenda. Wiki moja Jumanne na Alhamisi uko huru, wiki nyingine huna hata Jumapili.

Mwanangu alianza hurling akiwa na miaka saba. Mimi nilikuwa yule baba wa kusimama pembeni na chai. Siku moja kocha, dada mmoja anayefundisha shule ya msingi ya parokia, akanipa koni za plastiki akaniambia nizipange. Nikazipanga. Wiki iliyofuata nikapewa filimbi. Hivyo ndivyo wanavyokunasa hawa watu, hawakuulizi. Miaka ikapita, nikajikuta nashika timu ya chini ya miaka 15 pamoja naye. Mchezo ambao sijawahi kuucheza hata dakika moja! Lakini kufundisha nilijua. Mtoto anayeogopa mpira na mtoto anayeogopa aljebra ni mtoto yule yule.

Nikitoka zamu ya usiku Jumamosi, sikupitia nyumbani. Nilikuwa naendesha hadi uwanjani, nakilaza kiti cha gari, nalala dakika arobaini. Mara nyingi kilichoniamsha ni sliotar ikigonga bati la mlango, watoto wamefika mapema. Alama zile bado ziko kwenye gari na sitaki kuzinyoosha.

Tulikuwa na kijana mmoja mpigaji wa frii, yaani mipira ya adhabu, mkono mzuri ajabu, ila wazazi wakianza kupiga kelele alikuwa anaharakisha, mpira unakwenda nje. Nikamzoesha jambo moja: kabla ya kupiga, ainame afunge kamba ya kiatu, hata kama imefungwa. Ainame, afungue, afunge, asimame, apige. Wenzake walimcheka hadi alipopiga saba mfululizo bila kukosa.

Mwaka 2021 tukafika nusu fainali ya kaunti, daraja la pili. Mechi ikapangwa Jumapili, na mimi kwenye rota nikawa zamu ya mchana. Nilikwenda kwa msimamizi siku tisa kabla. Wenzangu wawili walikuwa tayari kubadilishana nami, wameandika kwa mkono wao. Aliangalia karatasi, akairudisha mezani, akasema, "Lakini ni mpira wa watoto tu." Sitataja mahali. Nimesamehe. Sentensi ile bado naikumbuka na lafudhi yake.

Mechi niliifuata kwenye chumba cha mashuka, mlango nimeuegemea, simu mkononi, ujumbe unaingia mmoja mmoja kutoka kwa mke wangu. Tuko sawa. Wameongoza. Tumesawazisha. Wamepata pointi. Halafu: tumepata frii, dakika ya mwisho. Kimya cha kama dakika mbili. Halafu: amekosa.

Jioni nikamuuliza mke wangu swali moja tu, kijana alifunga kamba? Hakufunga. Hakukuwa na wa kumkumbusha. Mwenzangu alikuwa upande wa pili wa uwanja anashughulikia mtoto aliyeumia kidole.

Kumbe yule dada kocha hakuwa na mapenzi kuliko mimi, wala akili ya mchezo kunipita (samahani dada, ukisoma hii, ni kweli unanipita). Tofauti yetu ilikuwa kwamba yeye anajua Septemba atakuwa wapi Jumapili ya Mei. Shule ya msingi hapa ina siku ya saa 5 na dakika 40, saa nane na nusu mchana watoto wako getini. Kuna kazi ya kusahihisha na kuandaa, najua vizuri, siku hizi nafanya hiyo hiyo. Lakini kazi hiyo unaweza kuifanya saa nne usiku mezani kwako. Mzee wa kuogeshwa hamsogezi hadi saa nne usiku.

Na kuna jambo la pili ambalo sikuliona hadi nilipoingia shuleni mwenyewe. Mwalimu anakaa na wachezaji siku nzima. Yeye ndiye anayeona kwamba yule mtoto mrefu aliyehamia kutoka Brazil ana mkono wa haraka kwenye foleni ya chakula. Ndiye anayejua nani hakulala kwa sababu nyumbani kuna ugomvi. Ndiye mwenye funguo za ukumbi mvua ikinyesha, na hapa inanyesha. Klabu inamwona mtoto saa tatu kwa wiki, mwalimu anamwona kila siku.

Sisi hili tunalijua kwetu, ila tumelisahau tulipopanda ndege. Nilikulia Eldoret. Iten si mbali, unapanda matatu unafika. Pale shule ya St Patrick's, mwaka 1976 alifika bruda mmoja kutoka Ayalandi, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa kocha wa riadha. Alikuwa mwalimu aliyekuwapo jioni, vijana wakitoka darasani kwenda kukimbia. Katika mikono yake wakapita Peter Rono, dhahabu ya mita 1500 Olimpiki ya 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012. Nikiwaambia hapa Limerick kwamba kocha wa Rudisha ni mwenzao, tena mwalimu wa jiografia, wananiangalia kama nimewapa zawadi.

Makaratasi ya kusajiliwa kama mwalimu hapa sitayasimulia. Yalikuwa marefu, yalichosha, yaliisha. Leo nafundisha hesabu sekondari. Mwaka jana timu yetu ya chini ya miaka 15 ilichukua fainali, daraja lile lile la pili, na mimi nilikuwa pembeni ya uwanja kwa miguu yangu miwili. Dakika ya 55 tukapata frii. Mpigaji ni mtoto mwingine kabisa, wa umri mwingine, hakumjua yule wa kwanza. Akainama akafunga kamba. Niligeukia ua nikajifanya natafuta chupa ya maji.

Kwa hiyo mama, na wengine wote mnaoniuliza pembeni kanisani: tazameni saa kabla ya mshahara. Mfamasia analipwa vizuri, lakini duka la dawa linafunguliwa Jumamosi, na mara nyingi Jumapili. Mwanao akiitwa kikosi cha kaunti, utafiti wa taasisi ya ESRI wa 2018 ulionyesha kwamba maandalizi, safari na mazoezi vinaweza kula hadi saa 31 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya pili isiyo na mshahara. Itatoshea wapi? Tazama saa. Na kaunti haihami: anayechezea Limerick akiajiriwa Dublin ataendesha usiku mara mbili tatu kwa wiki. Shule iko kila parokia, kwa hiyo mwalimu anaweza kuishi karibu na uwanja wake.

Msinielewe vibaya, ualimu si pepo. Dublin kodi ya nyumba imewashinda walimu vijana, wengi wamekimbilia Dubai na Abu Dhabi, na huko nako wameanzisha klabu, Jumatano jioni utawakuta wanakimbiza sliotar kwenye joto. Mchezaji mwalimu naye ana adhabu yake: akikosa frii Jumapili, Jumatatu anaingia kwenye chumba chenye wakosoaji 28 wenye umri wa miaka 13. Na kama kijana hapendi watoto, asiende. Darasa litamla. Nimeona mchezaji hodari aliyeufuata ualimu kwa ajili ya likizo tu, alidumu miaka miwili, na watoto walijua kabla yake.

Lakini sisi wazazi tuliokuja kutoka nyumbani tuna ugonjwa. Mtoto akitaja ualimu tunakunja uso, sisi wenyewe tukiwa tumefundishwa kusoma na mwalimu aliyetembea kilomita sita na bado akabaki jioni kutupulizia filimbi ya mpira wa miguu, mpira mmoja shule nzima. Hatukumlipa jioni ile hata senti. Leo tunamwambia mtoto kwamba kazi ile ni ya walioshindwa. Acheni hayo. Mnawaaibisha watoto, na mnaniaibisha mimi.

Mama, nilikuomba mambo mawili kwenye ile sauti, nayarudia kwa maandishi kwa sababu najua dakika nane hukuzisikiliza zote. Fomu inaweza kubadilishwa hadi tarehe 1 Julai, kwa hiyo usigombane naye sasa, mwache amalize mitihani. Na mwulize kuhusu Kiayalandi chake, kwa sababu ualimu wa msingi unadai angalau alama ya H4 (asilimia 60 kwenda juu) kwenye karatasi ya ngazi ya juu, hakuna njia ya kuzunguka. Kama Kiayalandi kinamsumbua, hapo ndipo pa kukosa usingizi, si kwenye famasia.

Amenijibu leo asubuhi. Anasema baba wa kijana bado amenuna, lakini jana usiku aliuliza mechi ya Jumamosi ni saa ngapi.