Kabla ya Kuonja Mvinyo, Panda Kwanza Mlimani: Ushauri kwa Anayetembelea Mashamba ya Mizabibu ya Kifamilia Bondeni Mosel

Mwaka wangu wa kwanza nchini Ujerumani nilialikwa chakula cha jioni na familia moja inayolima mizabibu kando ya mto Mosel, nami sikutaka kwenda mikono mitupu. Nilinunua dukani chupa ya mvinyo yenye picha ya ngome, nembo ya simba wawili na mwaka wa karne ya 18 uliochapishwa kwa rangi ya dhahabu, nikiamini kwamba hiyo ndiyo heshima inayomstahili mwenyeji wa aina ile. Mama mwenye nyumba aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa dhati, kisha akaigeuza na kunionyesha mstari mdogo ulioandikwa chini kabisa kwenye lebo ya nyuma. Mstari huo ulianza kwa neno «Abfüller», yaani aliyejaza chupa. Mvinyo ule ulikuwa umenunuliwa kwa jumla kutoka kwa wakulima wengi, ukachanganywa, ukatiwa chupani kiwandani, na hapakuwa na familia yoyote iliyowahi kuishi katika ngome ile na kulima zabibu zile.

Nimezaliwa Dodoma, ambako majirani zetu wengi walilima zabibu na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani maji yaliyokamuliwa, kwa wenye viwanda, kwa hiyo somo lile lilinigusa kuliko lilivyoweza kumgusa mgeni mwingine. Nilijua tangu utotoni kwamba anayetoa jasho shambani na anayeandika jina lake kwenye chupa mara nyingi ni watu wawili tofauti. Tangu jioni ile nimekuwa nikirudi Mosel karibu kila mwaka, nikisaidia kazi za shamba na kuuliza maswali, na ndugu na marafiki wanaokuja Ulaya huniomba ushauri: je, shamba la kweli la kifamilia hutambuliwaje, na mtu aende huko kwa adabu gani?

Ushauri wangu wa kwanza ni kusoma lebo ya nyuma kabla ya kuisoma ya mbele. Kwa Kijerumani tafuta neno «Gutsabfüllung», ambalo kisheria linaruhusiwa tu pale zabibu zilipolimwa na mvinyo kutengenezwa na kutiwa chupani na shamba lenyewe. Neno «Erzeugerabfüllung», yaani uliotiwa chupani na mzalishaji, nalo lina uzito, lakini vyama vya ushirika vya wakulima pia hulitumia, na si jambo baya hata kidogo, mradi ujue unachonunua. Ipo pia namba ndefu ya ukaguzi rasmi, ambayo tarakimu zake mbili za mwisho huonyesha mwaka ambao mvinyo huo ulipimwa na kuonjwa na wakaguzi. Ukiwa Champagne nchini Ufaransa, angalia herufi ndogo mbili kwenye lebo: RM ni mkulima anayetengeneza mvinyo kwa zabibu zake mwenyewe, na NM ni mfanyabiashara anayeweza kununua zabibu kwa wengine.

Ushauri wa pili, ambao ndio ninaouthamini zaidi, ni kwamba usikubali kuonja chochote kabla hujapanda mlimani. Mosel ni mto unaojipinda kama nyoka kutoka milima ya Vosges nchini Ufaransa hadi Koblenz, ambako unaingia katika mto Rhine, na kingo zake ni miteremko mikali mno. Ule unaoitwa Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, unapita nyuzi 60 katika baadhi ya sehemu zake, kiasi kwamba mtu aliyesimama wima anaweza kuugusa udongo ulio mbele yake bila kuinama. Udongo wenyewe karibu wote ni vipande vya jiwe la sleti, ambalo hulinyonya joto la jua mchana na kulitoa taratibu usiku, na bila jiwe hilo zabibu za aina ya Riesling zisingeiva vizuri katika nchi ya baridi namna ile. Mashine kubwa haifiki huko. Kuna vigari vidogo vinavyopanda kwa reli moja vikibeba zana na zabibu, lakini kupogoa, kufunga matawi na kuchuma bado ni kazi ya mikono.

Hapo ndipo nilipofundishwa na mama mkwe wa yule mwenyeji wangu, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka 80 na ambaye nilimwita Bibi kama wajukuu zake walivyomwita. Kwa desturi ya zamani ya Mosel kila mzabibu husimama peke yake kwenye nguzo yake, bila waya. Baada ya kupogoa wakati wa baridi, huachwa matawi mawili marefu, nayo hupindwa chini, moja kulia na jingine kushoto, na kufungwa kwenye nguzo hiyohiyo hadi yafanye umbo la moyo. Bibi aliniambia tungoje mvua. Nilidhani anahofia afya yangu kwenye jua, kumbe alikuwa akihofia matawi, kwa sababu tawi kavu likipindwa hukatika, ila lile lililonyeshewa huwa laini na hukubali mkono. Siku ya tatu, wakati manyunyu yameanza, nililishika tawi la kwanza kwa pupa na kulivuta kwa nguvu, nalo likavunjika kwa mlio kama wa ukuni mkavu. Bibi hakunigombeza. Alilitazama lile kovu kwa muda, akasema kwamba mzabibu ule ulipandwa na baba yake kabla ya vita, na kwamba mwaka huo ungezaa nusu tu. Kisha akanishika viganja na kunionyesha: kidole gumba chini ya tawi, kupinda kidogo, kuachia, kupinda tena, hadi tawi lenyewe likubali.

Mizabibu kama ile ni hazina ya aina yake. Mdudu wa filoksera, anayeshambulia mizizi na aliyeingia Ulaya kutoka Amerika Kaskazini katika karne ya 19, aliangamiza mashamba karibu bara zima, na tangu hapo mizabibu mingi ya Ulaya huunganishwa kwenye mashina ya mizabibu ya Kimarekani ambayo mdudu huyo haiwezi. Katika miteremko ya sleti mdudu huyo hupata shida kuishi, kwa hiyo baadhi ya mizabibu ya Mosel bado inasimama juu ya mizizi yake yenyewe. Ukifika shambani, omba uonyeshwe mzabibu mkongwe kuliko yote na uulize nani aliupanda. Familia inayolima kweli itakupeleka hadi kwenye shina lenyewe.

Jambo la tatu la kufuatilia ni mirathi, maana humo ndimo tabia ya mashamba haya ilimotengenezwa. Ukingo wa kushoto wa mto Rhine, pamoja na bonde la Mosel, ulitawaliwa na Wafaransa kuanzia miaka ya 1790 hadi 1814. Katika kipindi hicho mali za watawa zilitwaliwa na kuuzwa kwa watu binafsi. Shamba mashuhuri la Scharzhof, lililokuwa la monasteri ya Trier, lilinunuliwa mwaka 1797 na babu wa ukoo wa Egon Müller, ambao unalilima hadi leo. Sheria ya Kifaransa iliyofuata iliagiza watoto wote wagawane urithi kwa usawa, na mteremko uliokuwa mmoja ukakatwa vipande vidogo kila mzee alipofariki. Katika kijiji cha Wehlen, Jodocus Prüm alijenga mwaka 1842 saa ya jua kwenye mwamba katikati ya mizabibu ili wafanyakazi wajue muda, na mteremko wote ukaitwa kwa jina la saa hiyo. Mwaka 1911 mali ya ukoo wa Prüm iligawanywa kwa watoto saba, na ndiyo maana hadi leo utakuta zaidi ya lebo moja yenye jina la Prüm, kila moja ikiwa ya nyumba tofauti yenye mkono wake. Huko Burgundy nchini Ufaransa, shamba moja lenye ukuta, Clos de Vougeot, lina ukubwa wa takriban hekta 50 na limegawanyika kwa wamiliki wapatao 80.

Kwa hiyo jina la ukoo peke yake halitoshi, na ukale peke yake hautoshi pia. Familia ya Antinori ya Florence iko katika biashara ya mvinyo tangu mwaka 1385, na leo inaongozwa na Albiera Antinori wa kizazi cha 26, akisaidiana na dada zake wawili. Ninaitaja kwa sababu inathibitisha kwamba nyumba kongwe huishi kwa kubadilika: kwa vizazi vingi majina yaliyorithi uongozi yalikuwa ya kiume. Vivyo hivyo Mosel, mara nyingi utamkuta binti aliyesomea kilimo cha mizabibu katika chuo cha Geisenheim akibishana kwa upole na baba yake kuhusu wakati wa kuvuna. Kaa kimya usikilize mabishano hayo, maana humo utajifunza kuliko katika maelezo yoyote ya mezani. Swali la nani atarithi, hata hivyo, usiliulize ukiwa bado mlangoni. Wapo wazazi ambao watoto wao wameondoka kwenda mjini, na mashamba ya mizabibu ya Mosel, yaliyozidi hekta 12,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, sasa yako chini ya hekta 9,000. Ukiona juu mlimani kipande kilichofunikwa na miiba, jua kwamba kuna nyumba bondeni inayokitazama kila asubuhi kwa uchungu.

Kuhusu adabu ya ziara, nitasema machache. Piga simu siku kadhaa kabla. Epuka Septemba na Oktoba, isipokuwa unakwenda kufanya kazi, kwa sababu huo ni wakati wa mavuno na hakuna mwenye nafasi ya kukaa na mgeni. Bei iliyoandikwa ndiyo bei, kwa hiyo usiombe kupunguziwa kama tufanyavyo sokoni; badala yake nunua hata chupa mbili, kwa kuwa kuonja mara nyingi ni bure na mtu ameacha kazi yake kwa ajili yako. Kutema mvinyo kwenye chombo kilichowekwa mezani si dharau, na dereva asione haya kufanya hivyo. Asiyekunywa kilevi asijinyime safari hii: nyumba nyingi hukamua juisi ya zabibu zao wenyewe, na mlimani hakuna anayeulizwa anakunywa nini. Ukikuta tawi au ufagio umetundikwa mlangoni, ingia bila wasiwasi, kwa sababu hiyo ni «Straußwirtschaft», mgahawa ambao mkulima anaruhusiwa kuufungua nyumbani kwake kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka, viti visivyozidi 40, akiuza mvinyo wake mwenyewe na chakula chepesi. Mara nyingi aliyekuletea sahani ndiye aliyepogoa mizabibu.

Mwisho wa ziara omba, kama hawana shughuli, kushuka chini ya nyumba penye mapipa. Pipa la jadi la Mosel huchukua lita 1,000. Ndani ya baridi ile hamira za asili huchachusha mvinyo polepole, na mara nyingine kazi hiyo husimama kabla sukari yote haijaisha, ndiyo maana Riesling nyingine huwa na utamu na kilevi cha asilimia 8 tu. Kila nyumba huamua kwa namna yake lini isimamishe, na uamuzi huo hurithishwa kama mapishi ya mama.

Mimi hupendelea kwenda Machi. Treni ya kutoka Trier kuelekea Koblenz hupita Bullay na Cochem, na kutoka hapo hupatikana basi au mguu wa kutembea. Machi iliyopita Bibi hakuweza tena kupanda, kwa hiyo nilikwenda na mjukuu wake, ambaye sasa ndiye anayeendesha shamba na ambaye ameamua kuacha vipande viwili vya juu kabisa ili aweze kuvilima vizuri vilivyobaki. Tulikaa siku mbili nyumbani tukingoja mvua. Siku ya tatu iliponyesha, alinipeleka moja kwa moja kwenye ule mzabibu wa baba yake Bibi. Kovu la tawi nililolivunja lilikuwa limegeuka jeusi, na chini yake kidogo lilikuwa limechipua tawi jingine, refu na lililolowa maji. Nililipinda taratibu, nikaachia, nikalipinda tena, na mjukuu akanipa kamba.