Jibu: Punda anayejivuta nyuma akifungwa

Salaam ndugu yangu. Umesema punda wako wa miaka 3 anatulia ukimshika, ila akifungwa nguzoni hujirusha nyuma mpaka kamba ikatike.

Kwanza mvue hatamu, umpapase nyuma ya masikio. Wangu mmoja hapa Lamu alikuwa na kidonda pale, kikubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, kamba ya nailoni imemkata chini ya manyoya. Tulimwita mkaidi bure, na hilo linaniuma hadi leo. Ukikuta kidonda, mwite daktari wa mifugo, mafunzo yangoje.

Akiwa mzima, usimfunge bado. Pitisha kamba ya mita 4 nyuma ya nguzo bila fundo, ncha ushike wewe, na usiizungushe mkononi kabisa. Akirudi nyuma, iachie iteleze kidogo kidogo asipate cha kushindana nacho. Kisha vuta taratibu. Akisogeza mbele hata kwato moja, legeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha. Wangu alihitaji wiki 2, dakika 10 kila alfajiri kabla ya kubeba mchanga.

Lakini angalia: punda akiogopa hukauka kama gogo, ukadhani ametulia. Aliyetulia kweli hushusha kichwa, masikio yakalegea, akaanza kutafuna.

Ukifika siku ya kumfunga, funga usawa wa mabega yake, kamba fupi asiweze kuikanyaga, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Na kaa naye hapo hapo.